INJINI YA BOTI NA MASHINE YA MAJI: KWA NINI HUZIMIKA UKIPUNGUZA MWENDO

(Hotuba ya fundi mmoja, mwanachama wa chama chetu, mbele ya wanachama wa Kitui na Makueni. Tumeichapa kama ilivyotolewa, pamoja na maswali matatu yaliyoulizwa baadaye.)



Nimeombwa niseme juu ya kabureta, na hasa juu ya injini inayokimbia vizuri ukiipa mafuta mengi, lakini ukipunguza mwendo inakohoa, inatetemeka, kisha inazimika. Najua wako wanaojiuliza: sisi ni watu wa nchi kavu, habari za boti zatuhusu nini? Jibu ni kwamba zatuhusu. Bwawa la Kiambere katika mto Tana, lililokamilika mwaka 1988, ukingo wake mmoja ni Kitui na wa pili ni Embu, na watu huvua na kuvuka humo. Bwawa la Thwake huko Makueni, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018, limepangwa kubeba maji mita za ujazo milioni 688. Penye maji mengi namna hiyo boti zitakuja, na vijana wetu ndio watakaoshika injini.

Tena tukumbuke kwamba kabureta ya boti na kabureta ya mashine ya maji ni ndugu wa tumbo moja. Wengi wenu mnafanya kazi ya kumwagilia kando ya mto Athi na vijito vya Kibwezi kwa zile mashine ndogo za petroli. Atakayeielewa moja ameielewa na ya pili.

HATARI IKO WAPI

Injini inayozimika shambani huleta hasara. Injini inayozimika majini huleta msiba. Mwenye boti hupunguza mwendo wakati gani? Hupunguza anapofika bandarini, anapokaribia wavu, anapopita kwenye mawe, au anapomwona kiboko. Yaani injini mbovu ya namna hii humwacha mtu mikono mitupu pale pale anapoihitaji zaidi. Na katika mto Tana wamo mamba pia.

Maji ya kwetu tusiyadharau kwa sababu nchi ni kavu. Tarehe 4 Desemba 1921 haikutuona, lakini tarehe 4 Desemba 2021 sote twaikumbuka: basi lilisombwa na mto Enziu karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Mto ule siku nyingi za mwaka ni mchanga mtupu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ndilo kiini cha hotuba hii. Injini ikizimika mwendo wa chini, watu wengi huchukua bisibisi na kukaza ile skrubu inayozuia mkono wa mafuta, ili injini ikimbie zaidi hata ikiwa haina kazi. Injini haizimiki tena, na watu wote wanafurahi. Ndugu zangu, hiyo si dawa, ni kumfunika mgonjwa blanketi. Injini ya boti ikikimbia kupita kiasi, ukitia gia meno yanagongana na kuvunjika. Vibaya zaidi, boti inaruka ghafula mbele, na aliyesimama anaanguka majini karibu na propela. Skrubu ile ni ya kumalizia kazi, baada ya ugonjwa wenyewe kuondolewa. Si ya kuanzia.

KABURETA INAFANYA KAZI GANI

Mnajua bomba la kupulizia dawa ya mbu. Ukisukuma hewa kwa nguvu juu ya kijibomba kilichochovywa katika dawa, dawa hupanda yenyewe na kutoka kama ukungu. Kabureta ni hivyo hivyo, ila hewa haisukumwi, bali huvutwa na pistoni. Chini yake kuna kikombe cha petroli. Ndani ya kikombe mna boya dogo na sindano: petroli ikijaa, boya hupanda na sindano huziba mlango, petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka.

Petroli hutoka kikombeni kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni jeti kubwa, ya mwendo wa juu. Njia ya pili ni jeti ndogo, ya mwendo wa chini. Tundu la jeti ndogo ni jembamba sana, karibu kama unywele wa brashi. Kwa hiyo uchafu ukiingia, jeti ndogo ndiyo huziba kwanza. Sasa mmeona kwa nini injini yaweza kukimbia vizuri na kushindwa kutulia: njia kubwa iko wazi, njia ndogo imeziba.

UCHAFU UNATOKA WAPI HUKU KWETU

Kwanza, ni majira ya mvua. Mvua ikinyesha Novemba na Desemba, mashine za maji hulala. Petroli iliyobaki kikombeni hukauka pole pole na kuacha ulimbo wa manjano unaonata kama gundi. Jua likirudi, mashine inavutwa kamba, na tazama, haitulii. Watu husema mashine imezeeka. Haikuzeeka, ilizibwa koo ikiwa usingizini.

Pili, ni maji ndani ya petroli, yatokanayo na tangi lisilojazwa au mtungi uliooshwa usikauke.

Tatu, ni vumbi letu jekundu. Chujio la hewa likijaa vumbi, injini hukosa hewa, hula petroli nyingi na kutoa moshi mweusi.

Nne, ni petroli iliyochanganywa na mafuta taa. Wizi huu ulienea hata Serikali mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuuzuia. Ukitaka kupima, dondosha tone moja la petroli juu ya karatasi nyeupe kabla hujatia oili. Petroli safi hukauka upesi. Yenye mafuta taa huacha doa la mafuta linalokawia. Fanya kipimo hiki mbali na moto na sigara.

USIFUNGUE KABURETA KWANZA

Fundi mwenye haraka hufungua kabureta mara moja. Fundi mwenye akili huifungua mwisho. Fuateni utaratibu huu:

(1) Tangi. Mfuniko wa tangi la boti una skrubu ndogo ya kupitisha hewa. Ikifungwa, injini hukimbia dakika chache, kisha hufa kwa kukosa petroli, na tangi la plastiki huonekana limebonyea. Ilegeze, ujaribu tena. Mara nyingi kazi huishia hapo, na hukutumia hata senti.

(2) Mpira wa petroli. Ile puto ya kukamua kwa mkono ina mshale. Mshale lazima uelekee injini. Ukiikamua iwe ngumu. Isipokuwa ngumu, au ikilainika na kubonyea injini ikiwa inakimbia, kuna hewa inayoingia au njia iliyoziba. Tazama viungio na mipira yake midogo, na chujio la petroli.

(3) Plagi. Zima injini, toa plagi, zitazame. Injini ya silinda mbili ikitetemeka mwendo wa chini, huenda silinda moja imekufa. Plagi iliyolowa petroli ndiyo ya silinda isiyochoma. Badilishana plagi mbili hizo: ugonjwa ukihama na plagi, plagi ni mbovu, usipohama, tazama waya na koili. Usishike waya wa plagi kwa mkono injini ikizunguka, na usijaribu cheche penye petroli iliyomwagika.

(4) Propela. Injini ikitulia bila gia lakini ikizimika ukitia gia, zima kwanza, kisha tazama kama uzi wa wavu umejisokota nyuma ya propela.

(5) Hewa isiyo halali. Ikiwa injini hupanda mwendo yenyewe bila kuguswa, huenda gasketi kati ya kabureta na injini imepasuka, na hewa inapenya. Paka grisi nzito kuzunguka kiungio kile. Mlio ukibadilika, umempata mwizi.

Hayo yote yakiwa mazima, ndipo sasa kabureta ishitakiwe.

DALILI ZA KABURETA YENYEWE

Choki ni shahidi mzuri. Injini ikitulia ukivuta choki nusu, na ikifa ukiirudisha, inalia njaa ya petroli: jeti ndogo imeziba, au hewa inapenya. Injini ikizidi kufa ukivuta choki, na plagi ni nyeusi na imelowa, imeshiba kupita kiasi: choki imekwama, sindano ya boya haizibi, au chujio la hewa ni chafu.

Kabureta ikivuja petroli nje, ni sindano au boya. Toa boya ulitikise sikioni. Ukisikia petroli ndani, limetoboka. Kwa mashine ya maji yenye oili yake mbali, tazama pia kijiti cha oili. Oili ikizidi na kunuka petroli, usiwashe. Mwaga oili hiyo, rekebisha sindano, tia oili mpya.

Mashine za maji zina ugonjwa mwingine: mlio hupanda na kushuka, hupanda na kushuka, kama mtu anayepumua kwa shida. Watu hulaumu gavana. Nasema gavana ya injini, si yule wa kaunti. (Kicheko.) Mara nyingi gavana haina kosa, inahangaika kwa sababu petroli haitoshi. Vuta choki kidogo, na mlio ukitulia, safisha jeti.

KUSAFISHA

Funga bomba la petroli. Fanya kazi nje, mbali na jiko na taa. Legeza skrubu ya chini ya kikombe, kinga petroli katika chupa safi ya kioo, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na utayaona.

Fungua kikombe. Toa pini ya boya, boya na sindano, uvipange juu ya kitambaa kwa utaratibu ulivyovitoa. Toa jeti kwa bisibisi inayoenea sawasawa, kwa kuwa jeti ni shaba laini. Inua jeti penye mwanga utazame tundu lake.

Sasa neno kubwa: usitumie waya, msumari wala sindano ya kushonea. Ukilipanua tundu hata kidogo, jeti hiyo imekwisha, na injini itakula petroli maisha yake yote. Loweka katika dawa ya kusafishia, pitisha unywele mmoja wa brashi ya nailoni, kisha pulizia hewa kwa pampu ya gurudumu. Pulizia na matundu yote ya kabureta yenyewe. Boya, sindano na mipira usiviloweke katika dawa kali, wala usipulizie hewa boya likiwa ndani. Funga macho yako kwa miwani.

Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, iingize pole pole hadi iguse, ukihesabu mizunguko. Andika hesabu hiyo. Ukiirudisha, iguse tu bila kukaza, kisha urudi nyuma kwa hesabu ile ile. Ukiikaza kwa nguvu, ncha yake itaharibika.

KUREKEBISHA MWENDO

Injini ya boti haiwashwi bila maji. Ndani yake mna gurudumu la mpira linalosukuma maji ya kupoza, na likikaushwa huharibika upesi sana. Tia mguu wa injini katika pipa lililojaa, au fungeni boti imara ufukoni. Hakikisha maji yanatoka kwenye kile kitundu cha nyuma.

Acha injini ipate moto dakika tano hadi kumi. Ukiwa bila gia, ingiza skrubu ya mchanganyiko pole pole hadi injini ianze kudhoofika. Ikumbuke nafasi hiyo. Kisha itoe hadi idhoofike tena. Nafasi njema iko katikati. Ndipo sasa, na si kabla ya hapo, utumie skrubu ya mwendo kuweka mizunguko inayotajwa katika kitabu cha injini yako. Kwa mfano, Honda GX160, iliyo nyingi katika mashine za maji, hukaa karibu mizunguko 1,400 kwa dakika.

Mwisho tia gia, boti ikiwa majini. Injini iliyotulia kwenye pipa yaweza kuzimika ikipewa mzigo.

Na tusidai injini yasiyowezekana. Injini ya namna hii hupoteza nguvu kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Kibwezi ni kama mita 900. Basi karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu imekwenda kabla mfanya kazi hajagusa kamba. Tajiri asimwambie mtu wetu kwamba yeye ndiye aliyeichosha mashine.

HAKI YA MFANYA KAZI

Hapo ndipo ninapotaka kumalizia, kwa maana hiki ni chama, si gereji tu. Najua wenzetu ambao mashine ikiharibika hukatwa mshahara papo hapo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi ameiharibu kwa kusudi. Jeti iliyozibwa na ulimbo, petroli iliyochanganywa na mafuta taa, gasketi iliyozeeka: hayo si kusudi la mtu. Na makato yote pamoja hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, yakutaka umwarifu mkubwa wako ukiona hatari kubwa, naye hana ruhusa ya kukurudisha kazini penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Boti ambayo injini yake huzimika mwendo wa chini ni hatari kubwa. Vifaa vya kujikinga, kama vile jaketi la kuelea, ni juu ya mwajiri kuvitoa bila malipo.

Lakini haki bila ushahidi ni maneno tu. Kwa hiyo kila mmoja awe na daftari. Andika tarehe, lita ulizotia, petroli ilinunuliwa wapi, ugonjwa ulioonekana, na uliyemwarifu. Mistari miwili kwa siku yatosha. Siku ya mashauri daftari hilo litasema kuliko wewe.

Mwisho, vifaa. Bisibisi nzuri, spana ya plagi, pampu ya gurudumu, plagi ya akiba na seti ya gasketi havimshindi mtu kumi wakichanga. Wazee wetu walikuwa na mwethya wa kulima na kujenga. Sisi tuwe na mwethya wa vifaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.



MASWALI NA MAJIBU

Swali: Mashine ikilala msimu wa mvua, tuiache namna gani?
Jibu: Funga bomba la petroli, acha injini ikimbie mpaka izimike yenyewe, kisha mwaga kilichobaki kikombeni. Ni kazi ya dakika chache, nayo yaokoa siku nzima mwezi wa Januari. Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi katika joto letu usiitegemee.

Swali: Injini ya boti ya kuchanganya oili, tukizidisha oili haitakaa zaidi?
Jibu: Hapana. Fuata kitabu chake. Kama kitabu chasema moja kwa hamsini, lita 20 za petroli hupata mililita 400 za oili, wala si zaidi. Ukizidisha, plagi huchafuka na injini huzimika mwendo wa chini. Ukipunguza, pistoni hukwama. Pimeni kwa chombo chenye alama, si kwa kifuniko cha chupa.

Swali: Injini ikizimika katikati ya bwawa, nifanye nini kwanza?
Jibu: Kila mtu aketi, na jaketi liwe limevaliwa tangu ufukoni. Shika kasia au teremsha nanga usichukuliwe na maji. Kisha tazama mambo matatu: skrubu ya hewa ya tangi, puto ya petroli, na ule uzi wa kuzimia kama haukuchomoka. Hakikisha gia imetoka kabla hujavuta kamba. Kabureta usiifungue ndani ya boti: petroli itamwagika, na sehemu ndogo zitaanguka majini. Rudi kwa kasia, uifungue nchi kavu.